Kanuni ya bresi imefutwa, sheria ya mtutu mfupi ipo pale pale

Swali: Shikamoo mzee. Naishi Louisville, Kentucky. Grini kadi ninayo, na mwaka huu natarajia kuomba uraia. Mwaka 2021 nilinunua dukani bastola ya aina ya AR (muundo wa bunduki ya AR-15), mtutu wake inchi 10.5, nyuma ina bresi, kile kipande cha kufunga mkononi. Mpwa wangu anasoma chuo hapa kwa viza ya mwanafunzi, na huwa tunakwenda wote kupiga shabaha. Ananiambia kanuni ya bresi imefutwa na ile kodi ya dola 200 nayo imeondolewa, kwa hiyo sasa naruhusiwa kutoa bresi na kuweka kitako cha kawaida cha kuegemeza begani. Nimeshaagiza kitako, kinafika Alhamisi. Shemeji yangu wa Moline, Illinois, ametualika twende na bunduki yetu kwake. Je, niko ndani ya sheria?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwa bunduki ilivyo leo, hapo Kentucky, uko ndani ya sheria. Ukikifunga hicho kitako Alhamisi, utakuwa umetoka nje. Kwa hiyo nianze na la haraka: kikifika, usikifungue. Kirudishe kilikotoka, au kikae kwa rafiki mwenye bunduki ndefu inayokipokea. Hata kukiweka kabatini karibu na bastola yako si salama, na sababu nitaieleza.

Mpwa wako hakudanganya. Mambo mawili aliyosema ni kweli, ila hitimisho alilolitoa humo silo. Kosa hili nimelisikia kwenye kaunta ya duka la silaha mara nyingi mno tangu mwaka jana, na wanaolisema ni watu waaminifu kabisa, wasiotaka ugomvi na serikali.

Tuanze na sheria yenyewe. Mwaka 1934 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Taifa ya Silaha, ile ambayo watu wa fani hii huiita NFA. Rasimu ya kwanza iliziweka ndani bastola zote na bunduki zote zilizofupishwa, kwa hofu kwamba bastola ikibanwa, mtu atakata mtutu wa bunduki ndefu na kuificha kotini. Bastola zikaondolewa kabla ya kura, lakini kifungu cha bunduki zilizofupishwa kikabaki. Ndiyo maana hadi leo bastola ndogo ya mfukoni unainunua kwa karatasi za kawaida, ila bunduki ya begani yenye mtutu wa chini ya inchi 16, au urefu wote wa chini ya inchi 26, lazima iandikishwe serikalini kabla hujawa nayo. Kwa shotigani kipimo ni inchi 18.

Sasa sikiliza neno linalobeba uzito. Sheria inasema bunduki ya aina ya raifo ni silaha iliyobuniwa au kubuniwa upya, iliyotengenezwa au kutengenezwa upya, na kukusudiwa kufyatuliwa kutoka begani. Begani. Bastola yako yenye mtutu wa inchi 10.5 haina tatizo la mtutu kwa sababu ni bastola. Siku inapopata kitako cha begani inakuwa raifo, na raifo yenye mtutu wa inchi 10.5 ambayo haijaandikishwa ni jinai. Chuma ni kile kile na risasi ni zile zile, tofauti ni kipande cha plastiki cha dola arobaini.

Bresi iliingia katikati ya mpaka huo. Ilibuniwa mwaka 2012 na Alex Bosco, baada ya kumwona mwenzake, askari mstaafu mwenye ulemavu, akihangaika kuidhibiti bastola nzito kwa mkono mmoja. Ni kile kipande cha mpira kinachofungwa kwa mkanda kwenye mkono, chini ya kiwiko. Novemba mwaka huo ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, ikajibu kwa barua kwamba bresi haiibadilishi bastola kuwa raifo. Watu wakanunua. Wengi wao hawakuifunga mkononi, waliiegemeza begani, na hapo ndipo kizunguzungu kilipoanza. Mwaka 2014 barua moja ya ATF ilisema kuiegemeza begani hakubadilishi kitu. Januari 2015 barua nyingine ikasema kunabadilisha. Mwaka 2017 ikaja barua ya kulegeza ile ya 2015. Mtu mmoja, bunduki moja, bila kugusa skrubu hata moja, alikuwa halali, akawa na mashaka, akawa halali tena. Mimi huwa nawaambia vijana: ukitaka kujua kwa nini watu wa silaha hawaiamini barua ya serikali, soma hizo barua tatu kwa mfuatano.

Kisha ikaja kanuni ya 2023. Ilitangazwa rasmi tarehe 31 Januari 2023, na kwa vigezo vyake bastola nyingi zenye bresi ziligeuka kuwa raifo za mtutu mfupi. Wenye nazo walipewa hadi tarehe 31 Mei kuziandikisha bila kodi, kutoa bresi, kuweka mtutu mrefu, kuzisalimisha au kuziharibu. ATF yenyewe ilikadiria bresi milioni 3 mikononi mwa watu, na watafiti wa Bunge walitaja kati ya milioni 10 na 40. Maombi ya kuandikisha yaliyopokelewa yalizidi 250,000 kidogo tu. Pima mwenyewe ni watu wangapi waliolala siku ile wakiwa wahalifu kwenye karatasi. Nadhani na wewe ulikuwa mmoja wao, na sikulaumu, kwa sababu hakuna aliyekuandikia barua.

Mahakama ndizo zilizoivunja. Agosti 2023 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ilisema kanuni hiyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa imetungwa kinyume cha taratibu, maana rasimu iliyopelekwa kwa wananchi kutoa maoni haikufanana na kilichopitishwa. Novemba mwaka huo jaji mmoja wa Texas akaisimamisha nchi nzima. Tarehe 13 Juni 2024 Jaji Reed O'Connor wa Fort Worth akaifuta kabisa, na Agosti Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane nayo ikaikosoa kwa kukosa vigezo vinavyoeleweka. Serikali ilikata rufaa dhidi ya uamuzi wa O'Connor, halafu Julai 2025 ikaiondoa rufaa yake. Kanuni imekufa.

Lakini angalia kilichokufa ni nini. Imekufa kanuni iliyotungwa na idara. Sheria ya Bunge ya 1934 haikuguswa na yeyote kati ya majaji hao, na neno "begani" bado limo. Kwa hiyo bresi yako ya kweli, yenye mkanda, iliyouzwa kama bresi, inabaki. Kitako ni kitako. Na mtu aliyechukua bresi akaikata mkanda, akaijaza mpira nyuma ili ikae vizuri begani, huyo bado anaweza kuambiwa ameibuni upya, kwa sababu sheria inatazama ubunifu na kusudi, haisomi jina lililo kwenye boksi. Maneno yako mwenyewe na video zako ni ushahidi wa kusudi. Usitoboe, usikate, usiongeze chochote kwenye bresi hiyo.

La pili ni kodi. Ni kweli, sheria kubwa ya bajeti iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliishusha ile kodi ya dola 200, ambayo ilikaa bila kubadilika tangu 1934, ikawa dola sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Hiyo ni kwa vizuia sauti, raifo na shotigani za mtutu mfupi, na lile kundi linaloitwa silaha nyinginezo. Rashasha na vilipuzi bado ni dola 200. Ila kilichoshuka ni bei peke yake. Fomu ipo, alama za vidole zipo, picha ipo, na idhini ya kungojea kabla ya kugusa kitu ipo. Mpwa wako huenda amesikia pia kwamba kuna kesi Texas na Missouri zinazosema usajili hauna mguu wa kusimamia sasa, kwa kuwa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1937 iliihalalisha NFA kwa hoja kwamba ni sheria ya kodi. Hoja hiyo naiona ina nguvu, na ningependa ishinde. Lakini kesi iliyofunguliwa si kesi iliyokwisha kushinda, na usiwe wewe wa kuipima kwa mwili wako.

Sasa nifike mahali ambapo hali yako si sawa na ya jirani yako aliyezaliwa Kentucky. Hapa naomba usome polepole.

Kuwa na raifo ya mtutu mfupi isiyoandikishwa ni kosa la kifungu cha 5861 cha sheria ya kodi. Adhabu ni kifungo cha hadi miaka 10, faini, na silaha kutaifishwa. Kwa raia hiyo ni balaa tayari, ila akitoka gerezani anarudi nyumbani kwake. Kwa mwenye grini kadi, sheria ya uhamiaji inakitaja kifungu hicho cha 5861 kwa namba yake, ndani ya orodha ile ile ya makosa mazito kabisa ambamo mauaji na ubakaji vimo. Ukihukumiwa kwa kosa hilo unaweza kufukuzwa nchini, unapoteza ile nafuu ambayo jaji wa uhamiaji huwapa wakazi wa muda mrefu ili wabaki, na mlango wa uraia unafungwa moja kwa moja. Haijalishi kama una watoto waliozaliwa hapa, nyumba ya mkopo, au miaka kumi na tano ya kulipa kodi. Kitako cha dola arobaini!

Na usitegemee kusema sikujua. Mwaka 1994, katika kesi ya Staples, Mahakama Kuu ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alizijua sifa za silaha zinazoiingiza kwenye NFA. Hiyo ni kinga kwa aliyeuziwa bunduki iliyochezewa ndani bila yeye kujua. Wewe mtutu unaujua ni mfupi, na kitako umekifunga kwa mkono wako. Kutojua kwamba sheria inakataza hakukusaidii.

Hapo ndipo lile la kabati linapoingia. Mwaka 1992 Mahakama Kuu iliamua kesi ya kampuni ya Thompson/Center, iliyokuwa ikiuza bastola pamoja na vipande vya kuigeuza raifo: kitako, na mtutu wa inchi 21. Serikali ilidai kwamba kuuza vipande hivyo pamoja tayari ni kutengeneza raifo fupi, maana mtu angeweza kuunganisha kitako na mtutu mfupi. Mahakama ikakataa, kwa kuwa vipande vilikuwa na matumizi halali: kitako kiende na mtutu mrefu. Geuza hoja hiyo uione hali yako. Kama kitako kilichomo nyumbani hakina bunduki nyingine yoyote kinachoweza kukaa isipokuwa bastola yenye mtutu wa inchi 10.5, matumizi halali yako wapi? Mwenye raifo halali karibu yake ana jibu. Wewe, kwa ulivyonieleza, una bunduki moja tu.

Kama unachotaka ni silaha inayokaa begani vizuri, njia rahisi ipo na haina fomu yoyote: kubadilisha sehemu ya juu ya bunduki uweke yenye mtutu wa inchi 16 au zaidi. Bastola iliyozaliwa bastola inaweza kuwa raifo, kisha ikarudi kuwa bastola; ATF yenyewe ililiandika hilo mwaka 2011. Iliyozaliwa raifo haiwezi kwenda upande wa bastola bila usajili, kwa hiyo risiti yako ya 2021 inayosema ni bastola itunze kama cheti cha kuzaliwa. Na mpangilio wa mikono una maana. Ukienda kwenye raifo, mtutu mrefu unatangulia, kitako kinafuata. Ukirudi kwenye bastola, kitako kinatoka kwanza, ndipo mtutu mfupi uingie. Kusiwe na hata dakika moja ambapo kitako na mtutu mfupi viko pamoja kwenye meza.

Na upime mwenyewe, usiamini tangazo. Hakikisha silaha haina risasi, mara mbili, kwa macho na kwa kidole. Funga boliti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu. Ingiza kijiti chembamba cha mbao kupitia mdomo wa mtutu hadi kiguse uso wa boliti, weka alama mdomoni, kitoe, pima. Kile kipande cha kuzuia mwako kilichoskrubiwa mbele hakihesabiwi, ila kama kimepigwa pini na kuchomelewa kisitoke tena. Alinijia mteja mmoja, mzee mpole wa Bukavu, na raifo aliyonunua kwa mtu binafsi. Aliambiwa mtutu ni inchi 16. Nikaingiza kijiti mbele yake. Alama ikasimama inchi 14.5, na kile kipande cha mbele nikakifungua kwa mkono mtupu, bila spana. Uso wake sijausahau. Tulitenganisha sehemu ya juu na ya chini pale pale kwenye kaunta, nikampigia mwanasheria, na hakuondoka nayo ikiwa imeunganishwa.

Kuna jambo dogo lingine linalowanasa wenye bastola kama yako: kile kishikio cha wima cha mbele, cha mkono wa kushoto. Kwenye raifo hakina shida. Kwenye bastola yenye urefu wa chini ya inchi 26 kinaiingiza silaha kwenye NFA kama silaha nyinginezo, na adhabu ni ya kifungu kile kile. Kama umekifunga, kitoe leo.

Ukitaka raifo fupi yenyewe, njia yake ni Fomu 1 ya ATF, na mwenye grini kadi anaruhusiwa kuiomba. Unaijaza mtandaoni, unatoa namba yako ya uhamiaji, alama za vidole na picha, na nakala unaipeleka kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako. Ikiidhinishwa, jina lako na mji na jimbo vinachongwa kwenye fremu kwa kina kisichopungua inchi 0.003, na baada ya hapo tu ndipo unaweka kitako. Ukijiandikisha kwa jina lako peke yako, ujue mkeo haruhusiwi kubaki nayo nyumbani akiwa na ufunguo wa sefu wewe ukiwa safarini. Ndiyo maana familia nyingi hufungua amana ya kisheria, na tangu Julai 2016 kila mwanafamilia mwenye mamlaka ndani ya amana hiyo hutoa alama zake za vidole.

Fikiria pia daraja. Louisville mnavuka Mto Ohio kwenda Jeffersonville kama mtu anayekwenda sokoni, lakini ng'ambo ni Indiana. Bastola yako yenye bresi haihitaji ruhusa ya ATF kuvuka. Raifo fupi iliyoandikishwa inahitaji fomu ya 5320.20 iliyoidhinishwa kabla hujawasha gari. Watu wengi wakishasikia hilo wanabaki na bresi, na kwa maisha yako nadhani ndivyo ilivyo bora.

Moline usiipeleke. Januari 2023 Illinois ilipitisha sheria ya kupiga marufuku silaha nyingi za kundi la AR, na bresi ya mkono imetajwa humo waziwazi kama moja ya vitu vinavyoiingiza bastola kwenye marufuku. Imepigwa vita mahakamani tangu wiki ya kwanza, lakini wewe mgeni mwenye namba za gari za Kentucky si mtu wa kwenda kuijaribu. Nenda umsalimie shemeji, bunduki ibaki Louisville. Na majimbo mengine, California, New York na New Jersey yakiwemo, yana sheria zao ambazo kufutwa kwa kanuni ya ATF hakukuzigusa hata kidogo.

Nimemwacha mpwa mwisho kwa sababu jambo lake ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kitako. Mtu aliye hapa kwa viza ya muda, ya mwanafunzi au ya matembezi, kwa sheria ya serikali kuu haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi, isipokuwa aingie kwenye msamaha maalumu, na unaojulikana zaidi ni wa mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Kushika bunduki yako kiwanjani, hata kwa dakika tano ukiwa umesimama pembeni yake, kunaweza kuhesabiwa kuwa nayo. Na wewe uliyempa, ukijua viza yake, una kosa lako. Sasa umeshajua. Asiiguse tena hadi awe na leseni hiyo mkononi, na kabla ya kuitegemea akaonane na mwanasheria wa uhamiaji, si mshauri wa wanafunzi wa chuo. Usimfokee; mwambie tu kwamba mjomba wake amekosea na sasa amerekebisha.

Na huyo mwanasheria muone na wewe kabla ya kutuma ombi la uraia. Mweleze bunduki unayo, tangu lini, na mpwa ameishika. Mimi ni mtu wa silaha, yeye ndiye anayejua kipi kiandikwe kwenye fomu na kwa maneno gani. Ukishaapa, na kama bado unaitamani hiyo raifo fupi, niandikie tena, Fomu 1 tutaijaza pamoja na mtutu tutaupima kwa kijiti.